Nyuma ya Kadi Yangu

Swali la saba nililiuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na niliwauliza wanawake wengi kiasi kwamba mwishoni sikuwa hata nainua macho. "Mama ya mama yako alizaliwa wapi?" Kalamu mkononi, mguu mmoja nje ya kiatu kwa sababu ya joto, kama mtu anayeuliza bei ya unga. Nao walinijibu. Wangenidanganya ningelala vizuri leo, lakini walinijibu ukweli, mpaka jina la kijiji na la mto.

Nilikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapo Kolwezi. Mwaka ule nilipewa kazi ya ziada. Daktari mmoja mwanamke, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa anachunguza damu ya akina mama ambao mtoto wa kwanza anaishi na wanaomfuata wanakufa. Alitaka kujua kuna nini ndani ya damu hiyo, na imetoka kwa akina nani, maana mji wetu uliokotwa huku na huku: Sandoa, Kapanga, Lubudi, Kasai, hadi mpakani mwa Angola. Mgodi uliwaita wanaume, na wanaume wakawaita wake zao. Kila mwanamke tulimjazia kadi ngumu ya kijani. Mbele tuliandika jina, namba, mahali walipozaliwa bibi na babu zake, na muhuri wa hospitali chini. Nyuma daktari aliandika majibu ya damu kwa mkono wake, kwa wino mweusi.

Daktari yule alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni. "Tafadhali mama, uketi kitako," alisema, na wanawake wa Kolwezi wakacheka mpaka sindano ikaingia bila wao kuisikia. Tulimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kutuambia kwamba watoto wetu walikuwa wamekufa kwa sababu, na kwamba sababu hiyo inaweza kutafutwa.

Nasema watoto wetu kwa sababu na mimi nilikuwa na kadi. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, mzima, mtundu, mwenye maswali mengi. Wawili waliomfuata walizaliwa na uzito mzuri, siku ya pili macho yakageuka njano, na hakuna aliyemaliza wiki. Sasa nilikuwa na mimba ya nne. Niliogopa kila asubuhi kabla hata sijafumbua macho. Nilikuwa nikishika tumbo kwanza, nasubiri lile teke, ndipo naamka.

Mama yangu aliishi nasi, kwenye nyumba ya mgodi aliyopewa mume wangu. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake ndiye anayempokea mtoto mchanga: anamwogesha, anamkanda kichwa, anampaka mafuta, analala naye ili mzazi apumzike. Mama aliwaogesha watoto wangu wote watatu. Wa kwanza aliishi na hakuna aliyemshukuru. Wawili walipokufa, barua zilianza kufika kutoka Sandoa, kwenye ukoo wa mume wangu. Ya kwanza ilikuwa ya pole. Ya pili iliuliza ni mikono gani iliyowashika watoto. Ya tatu haikuzunguka: yule mzee ana bulozi, ana uchawi, anakula wajukuu zake, aondoke kabla huyu wa sasa hajazaliwa.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la vipuri mgodini. Ni mtu wa karatasi; nilikuwa namtania kwamba hata mvua haamini imenyesha mpaka aione imeandikwa. Hakumchukia mama. Kwa desturi hakuwahi kumtazama usoni wala kula naye, na kama alikuwa na neno kwake alilipitisha kwa binti yetu, hata kama mama amekaa hatua mbili tu kutoka alipo. "Ambia nkambo, mboga ya sombe ilikuwa muzuri." Na mtoto anamgeukia bibi yake, anasema, na mama anajibu kwa njia ileile. Niliona ni desturi nzuri. Inazuia ugomvi.

Barua ya tatu ilipofika aliikunja mara nne akaiweka mfukoni. "Kama docteur anapata kitu mu damu yako," akaniambia, "mi nitabaandikia kwetu, nitabatumia na papier. Lakini papier ikuwe na jina yako na cachet, ile muhuri ya lopitali. Bila papier, banasema muke yangu njo alinifundisha."

Basi hilo ndilo nililokuwa nasubiri. Kadi ikiandikwa nyuma, mama anabaki. Isipoandikwa, anaondoka.

Sijasema jambo la pili, na hata sasa mkono unasita. Mama alizaliwa Kasai, na mama yake pia, kijiji kilekile. Baba yangu alikuwa mtu wa Lubudi, mfanyakazi wa reli, alimwoa huko alikokuwa amepelekwa kazini, akaja naye akiwa msichana. Vitambulisho vyangu vinasema Lubudi, kwa sababu serikali inafuata upande wa baba, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za upande wa mama. Hakuna, isipokuwa swali la saba, ambalo nilijiuliza mwenyewe mbele ya daktari na kujijibu kwa mwandiko wangu mzuri.

Kisha mambo yakaharibika. Kwanza mgodi: mashine moja ikasimama, ya pili ikasimama, mishahara ikawa habari ya kuulizana. Halafu wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba shida zote hizi zina wenyewe, na wenyewe ni watu wa Kasai, warudi kwao. Mwanzoni tulidhani ni maneno. Halafu kwenye barabara yetu nyumba moja ilivunjwa milango mchana, watu wanatazama, na familia iliyokuwa imekaa pale kabla mimi sijaolewa ikatoka na magodoro kichwani kuelekea gare, kwenye kituo cha treni. Niliwajua. Nilikuwa nimewazalisha wake wawili wa nyumba ile.

Binti yetu alimwita bibi yake kaku, kama wanavyosema Kasai. Ilibidi nimfundishe kusema nkambo kila wakati, si mbele ya wageni tu. Alikosea, nikampiga kofi kwenye mdomo. Mama aliona, akaendelea kuchagua mchele. Nilimpiga mtoto kwa sababu ya woga wangu na bado naona aibu.

Wiki hiyohiyo nilisikia kwamba vijana waliokuwa wakiongoza fujo wamekwenda kwenye shule na kuchukua madaftari yanayoonyesha asili ya kila mtoto. Nilikuwa nafunga bandeji nilipoambiwa. Nilisimama na bandeji mkononi, nikaliona kabati la kadi. Hakuna daftari katika mji mzima lililokuwa na ukweli kama kadi zetu. Shule iliandika upande wa baba. Sisi tuliuliza mpaka mama ya mama. Mwanamke aliyeolewa na mtu wa hapa, mwenye baba wa hapa, aliyesahau kabisa kwamba bibi yake alitoka Kasai, alikumbuka nilipomuuliza, na mimi nikaandika.

Wageni wa Ulaya walipewa siku moja kujiandaa, gari liwapeleke mpakani mwa Zambia. Asubuhi ya kuondoka daktari alikuja wodini na gauni la safari, akakaa kwenye meza yangu akaandika majibu aliyokuwa nayo, kadi baada ya kadi, haraka, bila kunitania. Yangu aliifikia karibu mwisho. Akaigeuza, akaandika mistari sita, kisha akanieleza.

"Damu yako haina alama moja," alisema. "Damu ya mumeo inayo. Ni jambo la kuzaliwa nalo, kama rangi ya macho. Mtoto wa kwanza alichukua alama ya baba, na siku ya kuzaliwa damu yake ikagusana na yako. Tangu hapo damu yako inaijua alama hiyo na kuipiga vita. Kila mtoto atakayekuja nayo, ataugua."

Niliuliza dawa. Akasema kuna sindano, lakini hupewa mama mara tu baada ya uzazi wa kwanza, na mimi nilikuwa nimechelewa. Huyu wa sasa akizaliwa abadilishwe damu upesi, nijitahidi nifike Lubumbashi. Aliposema Lubumbashi sote wawili tulitazama dirishani, kwa sababu tulijua barabara ikoje.

Zilikuwa habari mbaya. Lakini nilifurahi kama mwehu. Nilisoma mistari ile sita mara tatu na mama yangu hakuwa ndani yake. Mikono yake haikuwa ndani yake. Nilitaka kukimbia nyumbani na sare yangu.

Saa sita mchana mlinzi wa lango akaja kuniambia wale vijana wa fujo wametoka shuleni, sasa wanasema watapita hospitali kuangalia makaratasi. Mkunga mkuu, ambaye ndiye angeamua, alikuwa na siku tatu gare na wanawe, maana yeye alijulikana ni wa Kasai. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Hakuna aliyenituma. Nilizifunga kadi zote kwenye shuka chafu la uzazi, nikapita nalo mbele za watu hadi kwenye tanuru la kuchomea taka nyuma ya jiko, na nikaanza kuzitia.

Kadi ngumu haziungui upesi. Ilinibidi nizitenganishe, na katika kuzitenganisha nilisoma. Huyu alikuwa na shida kama yangu. Huyu alikuwa na shida nyingine, daktari alikuwa ameandika dawa yake na siku za kuinywa. Huyu mume wake alimfukuza kwa kumwita mchawi, na hapa kwenye kadi imeandikwa wazi kwamba jambo limetoka kwa damu za wote wawili. Nilikuwa nawaokoa na kuwanyang'anya kwa mkono uleule. Nilijaribu kukariri majina na majibu. Moshi ukaniingia machoni na nikayachanganya.

Yangu nilibaki nayo. Nilifikiria kuikata, lakini jina na muhuri vilikuwa mbele pamoja na kijiji cha mama, na majibu nyuma. Ukikata kijiji, unakata mistari mitatu kati ya ile sita. Ukibakiza mistari, kijiji kinabaki. Nikaifunga ndani ya kitenge, chini ya tumbo, nikaondoka kurudi nyumbani kabla ya saa zangu.

Waliweka kizuizi kwenye njia ya kuingia mtaa wetu: mapipa mawili na nguzo ya umeme. Nilikiona kwa mbali. Walikuwa wakikagua. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliambiwa ateremshe beseni, wakamwaga vyote, wakamwambia afungue kitenge cha juu, akafungua. Niliona kadi ile ikitoka, niliona kidole kikifuata mstari wa saba, niliona wanakwenda nyumbani kwangu na mama amekaa anachagua mchele.

Kulikuwa na choo cha bati kando ya njia, cha mafundi wa gereji. Nikaingia, nikafunga kwa kamba. Niliichomoa kadi, nikaigeuza nyuma, nikaisoma mara moja tena. Halafu nikaipasua vipande na kuviachia shimoni. Sikulia. Nikafungua kamba nikatoka.

Nilipofika kwenye mapipa, mwanaume mmoja mnene aliyekaa kwenye kiti akanitazama, akacheka kwa furaha.

"Ah, mama ya maternité! Muachie apite! Huyu njo alizalisha muke yangu, butuku mpaka asubui hakulala." Kisha kwangu, kwa heshima kabisa: "Pita, mama. Hapa hakuna mutu anaweza kukugusa. Unaenda kuzala lini?"

Nikamjibu tarehe. Nilimjibu na tabasamu. Nikapita katikati ya mapipa yale na kitenge kimefungwa vizuri. Ningeweza kubeba kadi ile mkononi kama mwavuli. Mimi ninayemjua kila mwanaume wa mtaa ule alivyolia au kutapika nje ya wodi mke wake akiwa ndani, nilisahau kwamba na wao wananijua. Woga ulikuwa umenifanya mgeni mjini kwangu.

Mume wangu aliporudi, jua bado lipo, nilimweleza yote nje kwenye mbabula, jiko letu la makaa, maji ya ugali yakichemka. Damu, alama, mtoto wa kwanza, mistari sita. Alinisikiliza vizuri. Nilipomaliza akauliza, "Papier iko wapi?"

Nikamweleza.

"Nitabaandikia nini?" akasema. "Niseme docteur aliandika, na docteur alienda, na kadi iliingia mu choo? We mwenyewe ungeamini?" Hakupaza sauti. Nadhani aliniamini. Lakini pia aliogopa, aliogopa vijana wa pipa na aliogopa barua za Sandoa, na mtu mwenye woga wa pande mbili anatafuta neno moja litakaloziba pande zote. Akamwita binti yetu. Mama alikuwa kwenye kizingiti, mgongo umeegemea mlango.

"Ambia nkambo: baba anaomba aende apumzike kiloko kwa Lubudi, kwa bandugu ya nkambo mwanaume. Mpaka mutoto azaliwe. Hapa ni mubaya."

Mtoto akageuka akayasema yote bila kukosea hata neno. Mama akamwambia amjibu baba yake kwamba amesikia, na kwamba ni maneno mazuri. Mimi ndiye niliyepaswa kusema kitu. Nilikuwa na mwiko mkononi na nikakoroga ugali.

Lubudi hakukuwa na nyumba. Ndugu za baba walishaigawana. Mama alijua, mimi nilijua. Na treni za kawaida zilikuwa zimekufa; zilizotembea ni zile za waliofukuzwa tu, zinazokwenda Kasai na kupita Lubudi njiani. Ili kupanda, lazima uandikwe kwamba wewe ni wa kule.

Nilimsindikiza asubuhi ya pili. Sitaeleza gare yote. Watu walikuwa wamekaa pale kwa wiki nyingi, na harufu yake niliisikia kabla ya kufika. Wengine walinitambua, na mwanamke mmoja niliyemjazia kadi aliniuliza kama majibu yake yalishatoka. Nikamwambia bado.

Mama alikuwa na beseni, blanketi na sufuria ndogo. Karibu na meza ya kuandikisha akanishika mkono. "Mi sitaki we uogope mu siku yako ya kuzala," akasema. "Mutoto anasikia. We mwogeshe mwenyewe, maji ikuwe ya moto kiloko tu." Halafu akasogea mezani akataja jina lake na kijiji chake, kwa sauti ya wazi, jina lile ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa mbele ya watu.

Mwenye daftari akainua kichwa, akanitazama tumbo, akanitazama sare.

"Na we, mama? Uko pamoja naye?"

"Hapana, tata," nikasema. "Mi ni wa lopitali."

Mama hakugeuka. Alichukua karatasi yake, akainua beseni, akaenda kukaa na wengine, na alinipa mgongo muda wote niliokuwa nimesimama pale, ili mtu yeyote asione tunavyofanana.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, wa kiume. Lubumbashi hatukufika, hata hatukujaribu. Nilimwogesha mwenyewe, maji ya vuguvugu, na hakuna mkono mwingine uliomgusa isipokuwa wangu na wa mume wangu. Siku ya pili, karibu na dirisha, nikafungua jicho lake kwa kidole. Mume wangu alikuwa nyuma yangu akaona kile nilichokiona. Alikufa siku ya nne, asubuhi.

Baada ya kuzika, watu wakiwa wameondoka, mume wangu alikaa kwenye kizingiti. Binti yetu alikuwa karibu naye lakini safari hii hakumtumia. Alinitazama mimi.

"Mama alishukia gare gani?" akauliza. "Lubudi, ao aliendelea?"

Nikamwambia sijui, na sikuwa najua.